Kopo la Maziwa na Kiti cha Anti Mwende

Nikipita karibu na mtu anayekula chipsi za siki kwenye stesheni ya Blacktown, hapa Sydney, harufu yake hunirudisha moja kwa moja kwenye chumba cha kufulia cha nyumba yetu ya zamani, kule Doonside. Kilikuwa chumba chembamba chenye mashine ya kufua, sinki la bati, na dirisha ambalo Baba alikuwa amelifunika kwa mifuko myeusi ya takataka. Juu ya mashine alipanga mabeseni matatu aliyoyachukua jikoni bila kuomba ruhusa. La kwanza lilikuwa na dawa ya kuamsha picha, la pili siki ya kawaida iliyopunguzwa kwa maji, na la tatu dawa ya kuifanya picha ibaki. Siki ndiyo iliyoshinda zote. Iliingia kwenye taulo, kwenye nepi za mdogo wetu Mumo zilizoanikwa juu ya vichwa vyetu, na kwenye nywele zangu, ikachanganyika na harufu ya maziwa ya unga hata nisijue ipi ni ipi. Mwanga wetu ulikuwa taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli ya kaka yangu Kyalo, kwa sababu karatasi za picha za zamani haziudhiwi na wekundu. Humo ndimo nilimoona kwa mara ya kwanza picha ikitokea kwenye karatasi tupu. Ndimo pia nilimomwona Mama akigeuza uso wake ukutani.

Ilikuwa miezi ya baridi, na baridi ya Sydney ina tabia yake: haibaki nje, inaingia ndani ya nyumba na kukaa na watu. Mama alikuwa amejifungua Mumo mwanzoni mwa mwaka, na likizo yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa nesi katika makao ya wazee, na mara nyingi alifanya zamu mbili mfululizo. Baba, ambaye kule Machakos alikuwa mwalimu wa fizikia, alibeba maboksi kwenye ghala moja upande wa Auburn huku akisomea upya ualimu wa huku. Basi mdogo wake Mama, Anti Mwende, akafunga saluni yake ya kusuka nywele pale mjini Machakos, akaja kwa viza ya mgeni ili amlee mtoto. Nasema mgeni, lakini hakuna aliyempokea kama mgeni. Alituamsha, akanisuka, akatufungia chakula cha shule, akamwogesha Mumo, na Mama aliporudi kutoka kazini akamkuta na maji ya moto ya kuweka miguu. Ile bahari ya mjini ambayo kila anayetoka nyumbani hupelekwa kuiona, yeye aliiona kwenye kalenda ya jikoni. Alituuliza mambo kwa Kiswahili, nasi tukamjibu kwa Kiingereza, macho yetu yakiwa kwenye televisheni. Hakukasirika. Alisema amekuja ng'ambo kufuga kasuku, kama wale weupe waliokuwa wakipiga kelele kwenye ua wetu: wanasikia kila kitu na kujibu wanavyotaka.

Baba alipochoka na maboksi alijiliwaza kwa kufundisha, na wanafunzi wake tulikuwa sisi. Mwaka huo somo lilikuwa picha. Jumamosi moja alilifunika dirisha la chumba chetu kwa kadibodi, akaacha kitundu kidogo tu, akatuambia tukae kitandani na tungoje macho yazoee. Polepole ukuta wa pili ukaanza kuwa na rangi. Nikaona mtaa wetu wote umening'inia kichwa chini: paa za nyumba zikiwa karibu na sakafu, anga ikiwa chini ya paa, na mikaratusi ikiota kutoka juu. Gari la jirani lilipita taratibu likiwa limepinduka, magurudumu juu. Baba alieleza kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Unaotoka juu ya mti unapita kwenye kitundu na kutua chini, na unaotoka chini unatua juu, kwa hiyo hapakuwa na uchawi wowote, na jambo hilo lilijulikana karne nyingi kabla ya kamera. Kisha akamwambia Kyalo, "Sasa ishike." Kyalo akaweka viganja vyake ukutani. Gari jingine likapita juu ya vidole vyake na kwenda zake. Baba akasema kwa furaha kwamba hapo ndipo watu waliposhindwa kwa muda mrefu sana. Picha walikuwa nayo. Hawakujua tu namna ya kuifanya ibaki.

Siku zilizofuata, wakati wa kuosha vyombo, alitusimulia waliojaribu. Palikuwa na Mfaransa mmoja aliyepaka bamba la madini aina ya lami inayoganda ikipigwa na jua, akaliweka ndani ya kisanduku chenye giza mbele ya dirisha lake. Ilichukua muda mrefu kiasi kwamba jua lilihama upande mmoja hadi mwingine, na kwenye picha kuta za pande zote mbili zina mwanga, jambo ambalo hakuna jicho lililowahi kuliona kwa pamoja. Palikuwa na Mwingereza aliyelowesha karatasi kwa chumvi na dawa ya fedha. Alipata vivuli vizuri vya majani na vitambaa vya lesi, ingawa wenziwe waliomtangulia katika kazi kama hiyo walikuwa wameteseka, maana mwanga ule ule ulioichora picha uliendelea kuipiga mpaka ikawa nyeusi yote. Waliitazama kwa mshumaa, haraka haraka, kama wezi, mpaka ilipopatikana dawa ya kuitia karatasi ili iache kuumwa na mwanga. Lakini hadithi tuliyoipenda zaidi ilikuwa ya Mfaransa mwingine, aliyetumia bamba la fedha na mvuke wa zebaki, akaelekeza kisanduku chake kwenye barabara pana ya Paris wakati watu wamejaa. Picha ilipotokea, barabara ilikuwa tupu. Farasi, mikokoteni, wapita njia, wote walikuwa wamepita upesi kuliko mwanga ulivyoweza kuwaandika. Amebaki mtu mmoja tu, kwa sababu alikuwa amesimama akisafishwa viatu.

Anti Mwende, aliyekuwa akifuta sahani, aliuliza, "Na huyo anayesafisha viatu, Mwalimu, yeye ametoka?"

Baba alifikiri kidogo. Akasema yupo, ila ni doa tu, kwa sababu mikono ilikuwa ikifanya kazi. Anti akasema basi mwenye viatu ndiye mwenye picha, akaendelea kufuta sahani.

Wiki ya mwisho kabla Anti hajarudi Kenya, Mama alitaka kumchapishia albamu ya kumpelekea Nyanya yetu. Tulikuwa na kamera ndogo ya kidijitali, na kadi yake ilijaa. Mama aliketi na kompyuta ya Baba jioni nzima akipitia picha moja baada ya nyingine: Mumo akicheka, Mumo akioga, sisi na keki ya kuzaliwa ya Kyalo, Baba amelala kwenye kochi mdomo wazi. Alipofika mwisho alianza tena mwanzo, na sasa hakuwa akitabasamu. Anti Mwende hakuwa kwenye picha hata moja. Zote alizipiga yeye. Mama alisema maneno machache kwa Kikamba ambayo sitayatafsiri, kisha akasema Nyanya atadhani binti yake hakufika. Hapo Baba akasimama kama mtu aliyeitwa jukwaani. Alisema atatengeneza kamera isiyohitaji mtu nyuma yake. Tungekaa sote mbele, na Anti Mwende angekaa katikati, na hakuna ambaye angemwambia ashike chochote.

Alichukua kopo tupu la maziwa ya Mumo, akalipaka rangi nyeusi ndani, akatoboa tundu ubavuni na kulifunika kwa kipande cha kopo la soda alichokitoboa kwa ncha ya sindano. Karatasi na dawa alikuwa amezinunua miezi kadhaa nyuma katika mauzo ya vitu vya zamani mbele ya nyumba ya mtu. Karatasi zenyewe zilikuwa zimekaa mno, alisema, kwa hiyo zingehitaji mwanga mwingi, na siku ile ilikuwa na mawingu. Alikadiria nyimbo tatu ndefu za kwaya kwenye redio ya CD. Jumapili baada ya ibada alipanga viti vya jikoni uani nyuma ya nyumba, akaweka meza ndogo mbele yavyo, na kopo lenye karatasi ndani mkabala navyo, na kiti cha katikati akakifunika leso nyekundu ya Anti Mwende ili kila mtu ajue ni cha nani. Anti alikuwa anasafiri kesho yake asubuhi.

Tulikuwa tunaketi wakati Baba Neema na Mama Neema walipoingia kupitia lango la pembeni. Ni Warundi tuliokuwa tukisali nao, waliokuja kutoka kambi za wakimbizi za Kigoma, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Walikuja kumuaga Anti. Baba aliwaongezea viti, akawaeleza sharti lote kwa upole wake wa darasani: anayetulia anabaki, anayesogea anatoweka. Kope zinaruhusiwa, kwa sababu ni ndogo. Pumua, lakini usicheke. Mama Neema alinyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akasema, "Hivi ndivyo nilikaa siku ile wazungu wananihoji nije Australia. Hata kumeza mate niliogopa, nikasema watafikiri nameza uongo." Tulicheka mpaka Baba akatusihi tumalize kucheka kabisa kwanza. Anti Mwende alitoka jikoni akijipangusa mikono, akaketi kwenye kiti chake chenye leso. Baba akawasha redio, akabandua utepe mweusi uliofunika tundu, akakimbia kitini kwake.

Wimbo wa kwanza haujafika mbali, harufu ya maziwa yanayochemka ikatufikia. Kwetu mgeni hakai bila kitu mkononi, na Anti alikuwa ameshabandika chai kabla hajaja kuketi. Mama, akiwa na Mumo aliyelala mapajani, bila kugeuza shingo, akasema kwa midomo iliyofungwa nusu, "Mwende, chai itamwagika."

Anti Mwende akainuka. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa karibu zaidi na mlango wa jikoni, na nilijua kuzima jiko, lakini shingo yangu ilikuwa imekaza kwa kutaka kutoka vizuri. Tulimsikia akiondoa sufuria. Kisha, kwa kuwa ameshasimama, akaona aibu kuwaacha wageni na meza tupu, akaleta trei ya vikombe na kuviweka kimoja kimoja, akipita upesi mbele ya kopo huku ameinama kama mtu anayepita mbele ya madhabahu. Akarudi, akaleta chupa ya chai. Akarudi tena, akaleta chapati zilizofunikwa kitambaa. Wimbo wa pili ukaisha. Niliona kwa pembe ya jicho kwamba hakurudi kwenye kiti, nadhani kwa kuogopa kutuharibia picha kwa kupita tena. Alisimama ndani ya mlango wa jikoni, gizani, akatutazama sote tukiwa tumeganda, mpaka wimbo wa tatu ukaisha na Baba akaenda kubandika utepe.

Mwanga ulikuwa umeshapungua tulipoingia chumba cha kufulia. Baba Neema na mkewe walikuwa wameondoka. Baba alitia karatasi kwenye beseni la kwanza, akalitikisa taratibu. Kwanza ikatokea anga, nyeusi, kwa sababu kwenye karatasi ya kwanza kila kitu huwa kinyume. Kisha viti, kisha sisi, sura zetu zikiwa nyeusi kuliko zilivyo, hasa mahali palipopaswa kuwa na mwanga. Akaipitisha kwenye siki, kisha beseni la tatu, akaiosha, akaikausha kwa kikausha nywele cha Anti, akailaza juu ya karatasi nyingine chini ya kioo na kuimulika kwa tochi kwa muda mfupi. Hiyo ya pili ndiyo iliyotoka sawasawa. Ilikuwa picha nzuri ajabu. Mistari ya nywele zangu, alizonisuka Anti jana yake, ungeweza kuihesabu. Kola ya Kyalo, iliyopigwa pasi na Anti, ilisimama. Vikombe vilikuwa vimepangwa mezani, vyeupe, kila kimoja na kivuli chake, na nyuma yetu mlango wa jikoni ulikuwa weusi mtupu. Na katikati yetu palikuwa na kiti chenye leso, kitupu, na juu yake ukungu kidogo kama pumzi juu ya kioo.

Baba alielekeza kidole kwenye ukungu ule. "Hapa yupo," alisema, lakini sauti yake haikuwa ya mwalimu tena. Alisema angepaswa kumwambia mtu mwingine ainuke. Alilijua somo lote na akasahau nusu yake. Mama ndipo alipogeukia ukuta. Anti Mwende akaisogeza karatasi karibu na ile taa nyekundu, akaitazama kwa muda mrefu, akacheka.

"Mwalimu, kumbe umeoa kwenye ukoo wa majini." Kisha, polepole zaidi, "Lakini vikombe vyangu vimetoka vizuri."

Akaomba apewe. Baba alimwambia angoje, kesho alfajiri angejaribu nyingine, lakini karatasi iliyobaki ilikuwa imeingia mwanga tulipokuwa tukishangaa mlango ukiwa wazi. Kwenye uwanja wa ndege Mama alijaribu kumpiga picha kwa kamera ndogo, naye Anti akageuka kumfunga Kyalo kamba za viatu. Picha hiyo tunayo. Ni mgongo. Kabla Anti hajaingia ndani, Mama alimshika mikono yote miwili na kumwomba msamaha. Anti akamuuliza msamaha wa nini. Mama akasema, "Wa chai." Anti akamjibu, "Dada, chai ni chai," akamrekebishia kitambaa cha kichwa, akaenda.

Tangu siku hiyo, wageni wakija kwetu, Mama ndiye aliyepika chai, hata akitoka zamu ya usiku, hata sisi tukiwa wakubwa wa kutosha. Tukijaribu kumsaidia alituambia tukae na wageni. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa akitudekeza. Alikuwa akimlipa mtu ambaye hakuwapo, kwa njia ambayo mwenye kulipwa hakuiona, na kazi ya aina hiyo haina mwisho.

Leo mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari ya upande huu huu wa magharibi mwa Sydney, na kila mwaka naomba wanafunzi wangu walete makopo ya maziwa. Wanashangaa kwamba picha inaweza kuchukua muda wote huo. Ninawaeleza kitundu, lami, fedha, chumvi, taratibu, nikirudia kwa asiyeelewa, kwa sababu hakuna kigumu humo mtu akipewa nafasi. Ninawaeleza pia jambo ambalo Baba hakutusimulia: kwamba studio za zamani, zilipotaka kumpiga picha mtoto mchanga, zilimfunika mama yake shuka jeusi mwili mzima, akakaa chini yake akimshikilia mtoto asitikisike, akaonekana kama kiti. Wanafunzi hucheka wanapooneshwa. Mimi pia huwa nacheka nao, halafu natazama nje.

Siku hizi simu yangu inakamata mtu akiwa anaruka. Hakuna anayetoweka kwa sababu amesogea. Nina mtoto wa kike sasa, na Mama, aliyestaafu, huja kwa treni kutoka Doonside kumlea ninapokuwa kazini. Picha za mtoto ni nyingi kuliko nitakavyoweza kuzitazama. Nilizipitia juzi, kama Mama alivyopitia ile kadi. Nilimwona Mama: ni mkono ulioshika kijiko, ni pindo la leso kwenye kona, ni kivuli kirefu kwenye nyasi. Nimewapa watoto wa watu somo hili mwaka baada ya mwaka, na kamera ya leo haina hata udhuru wa kwamba mwanga ulikuwa mdogo.

Likizo iliyopita nilikwenda Machakos. Anti Mwende ana saluni ile ile, imepanuka kidogo, na juu ya kioo amening'iniza picha yetu ndani ya fremu. Nilipanda kiti niione karibu. Kutoka kwenye picha ya pasipoti, moja ya zile zilizobaki alipoomba viza, alikuwa amekikata kichwa chake kwa mkasi, kikiwa kikubwa kuliko vya wote, macho mbele, bila tabasamu, kama maofisa wanavyotaka. Alikuwa amekibandika pale. Lakini hakukibandika kwenye kiti chenye leso. Alikibandika kwenye mlango wa jikoni, kwenye weusi ule.

Nilimuuliza kwa nini hakujiweka katikati yetu, mahali pake. Nilimuuliza kwa Kiswahili.

"Pale sikukaa, mama," alisema. "Mimi nilikuwa hapo mlangoni nikiwatazama. Mlikuwa mmependeza sana."

Kisha akashika magoti ili ainuke akaniwekee chai, kwa kuwa nilikuwa mgeni na mikono yangu ilikuwa mitupu. Nikamwambia akae, nitapika mimi. Alikataa, nikamwomba, akakaa. Nyuma ya pazia palikuwa na jiko dogo la gesi na rafu ya makopo yasiyoandikwa. Nilifungua moja baada ya jingine nikitafuta sukari, nikimwaga majani, nikichelewa, na sikutaka kumuuliza ilipo, maana angekuja. Nilichungulia pembeni mwa pazia. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo, mgongo umenyooka, mikono magotini, ametulia kabisa, kama mtu aliyeambiwa kwamba wimbo bado haujaisha.